Wageni Wasimame

Siku ile ya Jumanne nilifagia uwanja mara mbili, mara ya kwanza kabla ya jua kutoka, na mara ya pili saa tatu, kwa sababu kuku walikuwa wameshachakura. Nilitoa vitambaa vya viti vyenye maua ya zambarau, vile nilivyoshona mwaka mzee wangu alipolazwa hospitali, nikavinyoosha kwa pasi ya makaa. Nikatoa na vikombe vya kabatini, sita, vyenye ukingo wa dhahabu, ambavyo huwa havitoki ila kwa mchungaji. Ben Mutisya, afisa wa mradi hapa kwetu Mwingi, alikuwa amenipigia simu mara tatu tangu jana yake.

"Susu, usisahau daftari. Susu, ile karatasi ya sheria bado iko ukutani? Na tafadhali, susu, usianze hadithi ndefu. Jibu tu kile umeulizwa."

"Kwani mimi huanza hadithi ndefu?"

"Susu, wewe nikikuuliza saa unaniambia vile saa ilinunuliwa."

Mradi wenyewe ni hivi. Kambi za wakimbizi ziko mbele kule, ukishapita Garissa, Nairobi iko nyuma, na sisi watu wa Mwingi tuko katikati ya barabara. Wengi hupita tu na malori na mabasi. Lakini kuna wanawake ambao kambi haiwafai tena, kwa sababu mtu wanayemkimbia yuko mle mle ndani. Hao ofisi huwatoa, na kabla hawajapatiwa mahali pa mbali, hukaa wiki mbili tatu kwa mama wa kawaida kama mimi, mjane, mwenye chumba kimoja cha ziada, anayejulikana na chifu. Wanaziita nyumba za hifadhi. Ofisi huleta godoro, unga na mafuta ya kupikia. Mwenye nyumba anatakiwa alete mdomo uliofungwa. Miaka mitatu ilikuwa imeisha, na sasa wafadhili wametuma mtu aje kuangalia kama mradi ulilinda watu kweli.

Mtu mwenyewe alikuwa msichana wa Mombasa, Nasreen, mtandio wa kijivu, kalamu mbili kwenye mfuko wa kifua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Lakini huku kwetu bibi ni mke wa mtu, na mwenye kuniita hivyo nilimzika. Niite susu kama wengine. Ndiyo nyanya kwa Kikamba."

"Haya, susu. Mbona umesimama, na miguu imevimba hivyo?"

Nikakaa. Sikuwa nimefikiri ataiona miguu.

Aliangalia kila kitu, na hakuangalia kwa dharau. Alijaribu komeo la chumba cha wageni, akajaribu la choo, akasukuma dirisha kuona kama linafungika. Kisha akaingia chumbani na Zulekha, mgeni wangu wa wakati ule, Msomali mwenye mtoto wa miezi saba aitwaye Khalid, na sisi wengine tukaambiwa tutoke. Nilienda kuchambua ndengu chini ya paa la jikoni. Ben alisimama karibu na banda la mbuzi, akijifanya anaongea na simu, na simu ilikuwa imezimika. Nilijua kwa sababu ilikuwa kwangu ndani, kwenye chaja, na ile aliyoshika sikioni ni pochi yake.

Zamu yangu ilipofika, Nasreen alifunua daftari langu. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, na mwandiko wangu ulisifiwa na mwalimu, kwa hiyo daftari langu linasomeka.

"Wanawake wanane wameshatoka, na Zulekha ni wa tisa. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Huyu wa sita, Birtukan. Hapa umeandika, 'Amesafiri kwa jamaa.' Jamaa gani?"

"Dada yake."

"Yuko wapi huyo dada?"

"Sikumchimba. Mgeni hachimbwi." Nikacheka kidogo. Naye akacheka, akaandika.

"Kwa hiyo wote wanane walitoka salama, susu?"

"Wote."

"Kuna jambo lolote ungetaka lifanywe kwa njia nyingine?"

"Mablanketi," nikasema. "Haya ya sasa yanatoa manyoya, yanamfanya mtoto kupiga chafya."

Akaandika hilo pia. Halafu akafunga daftari, akakishika kikombe cha dhahabu kwa mikono miwili, akasema nyumba yangu ndiyo safi kuliko zote alizoziona barabara hii, na kwamba Zulekha amemwambia hapa ndipo alipolala usingizi wa kwanza wa mwaka mzima. Alhamisi watakwenda Mukuyuni, Makueni, ambako akina mama wa kanisa moja wanataka kufungua nyumba kama hizi. Je, ningeenda kuwaeleza namna ya kupokea mgeni?

Nilisema ndiyo kabla hajamaliza.

Sasa niseme ya Birtukan.

Aliletwa mwezi wa tatu mwaka uliopita, mvua ikingojewa. Mwethiopia, miaka ishirini na mitatu, mwembamba, na alijua Kiswahili cha kambini, maneno mawili mawili. Aliniambia jina lake kwao ni chungwa. "Mimi, nyanya, matunda," akasema, akacheka mwenyewe. Alikuwa na Biblia ndogo yenye herufi kama viti vidogo vilivyopinduliwa. Alichambua ndengu haraka kunishinda, na kila kokoto aliloliona aliliweka kando juu ya jiwe, hakulitupa, ili mwishoni tuhesabu nani ameona mengi. Alimkimbia mwanamume mmoja kule kambini, anayepanga safari za watu kwenye malori. Huyo mtu alimwita mke wake bila kumwuliza. "Yeye, macho mengi, barabara," akaniambia siku ya kwanza, akinionyesha kwa vidole viwili. Nikamwambia kwangu hakuna barabara, ni njia ya mbuzi tu.

Jumapili ya kwanza aliomba kwenda kanisani. Nilisoma karatasi ya ukutani, yenye sahihi yangu chini: usimpige picha mgeni, usitaje jina lake wala anakotoka, usimpeleke kwenye mikutano ya watu wengi. Nikamwambia hapana. Jumapili ya pili nilijiambia kanisa si mkutano. Mkutano ni wa chifu, ni wa siasa. Kanisani ni nyumbani.

Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ya pili sikujipa, lakini ilikuwepo. Sisi kanisani kwetu, baada ya matangazo, mzee husema wageni wasimame. Kila mgeni hutaja jina, anakotoka, na mwenyeji wake ni nani, na hapo mwenyeji naye husimama, watu wakampigia makofi, na baada ya ibada wote wawili huitwa chumba cha nyuma kwa chai na mandazi. Kasiva, mwenyekiti wetu wa akina mama, alikuwa ameshasimama na mkwe wa kutoka Kanada, na daktari, na Mzungu mmoja wa visima. Mimi, miaka arubaini na moja katika kanisa lile, nilikuwa nimesimama na dada yangu wa Migwani tu, na huyo kila mtu anamjua.

Basi Jumapili ile nilijifunga kilemba cha kijani. Mzee akasema wageni wasimame. Birtukan akasimama. Akasema jina lake, akasema Ethiopia, akasema, "Nakaa kwa susu Mbithe." Nami nikasimama. Makofi yalipigwa ya kilo mbili. Kasiva aligeuza shingo kuangalia. Chai ya siku ile ilikuwa na tangawizi.

Na Kasyoki, anayeshughulika na vyombo vya sauti, alikuwa ameweka simu kwenye kile kijiti chake, kama kila Jumapili, akirusha ibada kwenye Facebook ili wenzetu walio mbali waabudu nasi. Simu ile nilikuwa naiona kila wiki. Nilikuwa nimeizoea kama saa ya ukutani.

Jumatano, saa nne asubuhi, mtu alibisha langoni. Mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, kilo mbili za sukari mkononi. Alinisalimia kwa heshima kushinda hata wanangu. Alivua viatu barazani, viatu vya kahawia vya kamba, kwa sababu aliona sakafu imepigwa rangi nyekundu. Akasema yeye ni kaka yake Birtukan na mama yao ni mgonjwa. Akanionyesha simu. Niliona viti vya kanisa letu, nikaona kilemba changu cha kijani. Mungu anisamehe, kwanza nilifurahi kujiona.

"Ameenda posho mill," nikamwambia. "Hakawii. Keti unywe chai, huwezi kuondoka na koo kavu."

Nilimpa kikombe cha kabatini.

Ua wetu ni wa mikatani mifupi, na mtu aliye barazani huona anayekuja kabla hajaingia. Nilikuwa namimina chai nilipomwona Birtukan amefika langoni na mfuko wa unga kichwani. Hakuniangalia mimi. Aliangalia viatu. Alishusha mfuko polepole, akausimamisha kwenye ua, akakunja mdomo wa mfuko mara mbili ili kuku wasiingie. Kisha akageuka akaondoka kwa mwendo wa upesi upande wa soko la mbuzi. Yule mtu aliona macho yangu, akageuka nyuma. Aliingiza miguu kwenye viatu bila kufunga kamba, na gari dogo jeupe lililokuwa limesimama juu pale barabarani likawaka.

Sikusikia mtu akilia. Sikusikia kelele. Nilienda mpaka soko la mbuzi na slipa, nikauliza, wengine wakasema msichana mwembamba alipanda lori la mifugo, wengine wakasema hakupanda. Nikarudi. Chai ilikuwa imeganda utando juu.

Jioni nilimpigia Ben nikamwambia mgeni amesafiri kwa dada yake. "Bila kuaga ofisi?" akauliza. "Walipigiana simu," nikasema. Akasema sawa, ataandika ametoka kwa hiari. Nilisikia amefurahi kwamba hakuna shida. Ule unga hakuna aliyeula. Uliingia wadudu, nikampa nguruwe wa jirani.

Alhamisi tulikwenda Mukuyuni kwa gari la ofisi. Mimi nilivaa kilemba cha buluu, kile cha kijani sijakifunga tena. Akina mama walikuwa kumi na wawili katika ukumbi wa kanisa lao, viti vimepangwa mviringo, na katikati meza yenye beseni la machungwa ya Makueni, makubwa, ya manjano. Mwenyeji wetu, Kalekye, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, alimenya moja kwa kisu akanipa mkononi kabla sijaketi vizuri.

"Kula, susu. Huko kwenu Mwingi machungwa ni ya kuonyeshwa kwa picha."

"Na huko kwenu ndengu ni za dawa," nikamjibu. Wakacheka.

Nasreen aliketi kando na daftari lake. Ben alieleza mradi. Mimi nikaeleza mambo ya nyumba: mgeni apewe komeo la ndani, asiulizwe habari siku ya kwanza, apewe kazi ndogo ya mikono ili asikae akifikiri. Walinisikiliza sana. Mmoja alikuwa anaandika. Nilianza kujisikia vizuri, nitasema ukweli.

Kisha Kalekye akasimama.

"Sisi tumepanga," akasema. "Hatutaki hawa wasichana wakae kama wafungwa. Jumapili tutawaleta hapa mbele, wasimame, watusalimie, kanisa zima liwajue. Mtu akijulikana na watu, si ndiyo analindwa?"

"Ameni!"

"Na tuna kamera, kubwa, tulichanga. Mpaka watoto wetu walio Dubai watawaona."

"Na makofi ya kilo!" mwingine akasema, wakaangua kicheko.

Ben alikohoa. "Hapo kuna mambo ya usiri, akina mama. Mtafundishwa," akasema, akaangalia saa.

"Usiri wa kanisani, Ben? Nani atamfuata mtu nyumba ya Mungu?" Kalekye akanigeukia, mikono kiunoni. "Susu, hebu tuambie wewe mwenye uzoefu. Ulikuwa unawapeleka kanisani, ama uliwafungia ndani kama kuku wa kuatamia?"

Wote walikuwa wananiangalia, wamekwisha kucheka nusu, wanangoja nimalizie. Chungwa lilikuwa bado mkononi, maji yake yanateremka mpaka kwenye kiwiko. Ningesema tu, "Karatasi inakataza," na ingetosha. Wangesema ndiyo. Halafu Jumapili moja mama mmoja kati ya hawa angejiambia kanisa si mkutano. Nilimjua huyo mama. Na nyumbani kwangu Zulekha alikuwa amekaa na Khalid, katika nyumba ambayo yule mtu alivua viatu.

Hilo la mwisho sikuwa nimelifikiri kabla. Au nilikuwa nimelifikiri na kuliweka mahali. Baada ya Birtukan walilala kwangu wanawake wengine watatu.

"Nilimpeleka mmoja," nikasema. "Alisimama akasema jina. Jumatano mtu wake alikuja na sukari."

Niliwaeleza yote, mpaka unga. Nilieleza nikiangalia beseni. Hakuna aliyesema ameni. Mtu mmoja alisema "Aiya," taratibu, kama tunavyosema kwenye matanga. Ben alisema, "Susu!" mara moja tu.

Nasreen alisogeza kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribiana.

"Tarehe gani, susu?"

"Tarehe ishirini, mwezi wa tatu, Jumatano. Saa nne na dakika kumi."

"Gari la rangi gani?"

"Jeupe. Taa ya nyuma ya kushoto imevunjika, imefungwa kwa nailoni nyekundu."

"Namba?"

"Herufi ya mwisho ni K. Nyingine zilikuwa na matope."

"Huyo mtu?"

"Kovu hapa, chini ya kidevu, la urefu wa njiti ya kiberiti. Kidole cha pete hakina kucha. Anatumia mkono wa kushoto."

Alikuwa anaandika haraka, na kila nilipojibu niliona kalamu inazidi kukandamiza karatasi. Hakunikaripia. Alisema tu, bila kuinua kichwa, "Miezi kumi na minne." Nikaelewa. Haya yote nilikuwa nayo siku ile ile. Watu hunisifu kwa kukumbuka. Jioni ile ile ningeyasema, na kuna vizuizi vya polisi barabara ile mpaka Garissa, na kuna ofisi zenye magari, na lori la mifugo haliendi mbio.

Kalekye alichukua lile chungwa mkononi mwangu, akanifuta kiwiko kwa leso yake. Hakunitania tena. Afadhali angenitania.

Njiani kurudi tulipita mji wa Kitui. Ben alisema, "Ungeniambia mimi kwanza."

"Ungeandika nini?"

Aliangalia nje dirishani. Alikuwa na watoto wawili shuleni na mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Simlaumu.

Kwenye soko la Tulia gari lilisimama, Nasreen akashuka kununua maji, akanifungulia chupa.

"Susu, nitaandika yote. Nyumba yako itatolewa kwenye orodha. Na Zulekha atahamishwa kesho asubuhi."

"Najua."

"Si adhabu. Ni kwa sababu yule mtu anapajua."

"Najua, mama."

"Na ile video? Bado iko?"

Sikujua kama video hukaa. Nilidhani hupita kama redio.

Zulekha nilimwambia mwenyewe, Ijumaa, kabla gari halijafika. Nilimbeba Khalid mapajani, alikuwa anacheza na kifungo cha sweta yangu kama desturi yake. Nilisema maneno machache, kwa Kiswahili rahisi ili asikose hata moja. Zulekha alisikiliza akikunja blanketi. Alilikunja vizuri, kona kwa kona.

"Siku hizi zote nimelala hapa," akasema, "wewe ulijua huyo mtu anajua nyumba?"

"Nilijua."

"Na mimi nilikuwa naacha dirisha wazi, mtoto apate hewa."

Hakupaza sauti. Alikuja akanyoosha mikono, akamtoa Khalid mapajani mwangu. Khalid alikuwa bado ameshika kifungo, akakivuta, kikakatika. Gari lilipofika aliingia bila kugeuka, na hakuna desturi ya kwao wala ya kwetu inayomlazimu kugeuka.

Kasyoki ana kibanda cha kutengeneza simu upande wa chini wa soko la mbuzi. Nilimkuta amefungua simu ya mtu, vipande viko kwenye kifuniko cha kopo. Nilimwambia natafuta ibada ya Machi mwaka uliopita, ile ya mgeni wangu.

"Ah, susu, unataka kujiona! Ngoja." Aliteremsha kwa kidole, Jumapili moja baada ya nyingine, pasaka, mavuno, ubatizo. "Hii hapa. Watu mia nne na zaidi wameiangalia. Ulivuma."

"Nisomee kwanza kile watu wameandika chini."

"Huyu anasema Mungu awabariki. Huyu ni mtoto wa Kasiva, anasalimia mama yake. Huyu jina silijui, anauliza, 'Kanisa hili liko wapi, ndugu?'" Akaendelea kusoma, na sauti yake ikaanza kupungua. "Amejibiwa, 'Mwingi mjini, karibu na soko la mbuzi. Karibu sana. Ukifika ulizia kwa susu Mbithe, anajulikana na kila mtu.'"

Aliweka simu chini.

"Ni mimi nilijibu, susu. Ukurasa wa kanisa naushika mimi. Kwani kuna nini?"

Nilimwambia. Alikaa akashika bisibisi kwa mikono yote miwili.

"Sikujua," akasema. "Haki ya Mungu, nilikuwa nakaribisha tu mgeni."

"Wewe hukujua. Mimi nilikuwa na karatasi ukutani."

Nasreen alikuwa ameniagiza isifutwe kabla ya kunakili jina la yeyote aliyeuliza. Kasyoki aliliandika kwenye kipande cha boksi la simu, herufi kubwa, akapiga na picha ya maandishi yale. Kisha akaniuliza kama sasa aifute.

"Nionyeshe kwanza pale tunaposimama."

Ilikuwa ndogo, kama kupitia tundu la ufunguo, lakini safi. Mzee wa kanisa anasema wageni wasimame. Birtukan ameketi. Anainamisha kichwa, ananiangalia upande, anatikisa kichwa, mara moja, halafu mara ya pili. Mdomo wake unasema kitu kifupi. Na mimi, kilemba cha kijani, nacheka mpaka pengo linaonekana, mkono wangu umeingia chini ya kiwiko chake. Unamwinua.

Nilimwomba Kasyoki arudishe. Akarudisha. Ilikuwa vile vile.

Nilikuwa nimewaambia akina mama wa Mukuyuni kwamba alisimama. Nilimwambia Nasreen kwamba alisimama, naye akaandika. Hata hapa juu nimeandika akasimama, na nimeliacha hivyo, ili mtu aone nilivyokuwa nasema kwa miezi kumi na minne, mpaka hata siku ya kukiri.

"Nifute sasa, susu?"

"Bado. Shika simu yangu, nipigie namba ya yule msichana wa tathmini. Ile inaishia na sita sita."

Aliipiga, akanipa. Iliita mara nne. Nje ya kibanda mtu alikuwa anavuta mbuzi aliyekataa kutembea, akimbembeleza kwa jina.

"Susu?" Nasreen akasema. "Kuna nini?"

"Una kalamu?"

"Ninayo."

"Pale ulipoandika alisimama," nikasema, "pakate."